Jibu: Wiki nzima, kurasa mbili tu za daftari?

Dada, umeuliza mbona mwanao wa darasa la kwanza amemaliza wiki na kurasa mbili tu za daftari. Nafundisha darasa hilohilo huku Chamwino, Dodoma, usiogope. Kazi kubwa ya darasa la kwanza na la pili ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na nyingi haiingii daftarini.

Wiki iliyopita mimi nilikuwa na herufi "m" tu. Jumatatu tuliitamka, tukaichora hewani kwa kidole, kisha mchangani nje (mchanga wa Dodoma hauishi). Jumatano tukaiunganisha na irabu: ma, me, mi, mo, mu. Kuna mtoto nyumbani kwao wanaongea Kigogo, alikaa kimya siku tatu. Alhamisi akasimama mwenyewe, akaweka kidole ubaoni, akasoma "mimi". Darasa zima makofi! Hesabu ni visoda na mbegu za ubuyu, mafungu ya kumi kumi.

Usihesabu kurasa. Mpe gazeti la zamani azungushie kila "m" anayoiona. Akikwama wiki mbili tatu, kaonane na mwalimu wake, tena asubuhi, maana mchana tumeshachoka.