Iskandaria si mji wa kwenda na kurudi

Wengi wa watu wetu wanaokwenda Misri huipa Iskandaria siku moja. Alfajiri wanaondoka Kairo kwa basi la watalii, wanapiga picha ngomeni, wanakula samaki, jioni wamerudi. Nawasihi msifanye hivyo. Mji huu uliasisiwa na Aleksanda Mkuu mwaka 331 KK, na karibu kila kilichoupatia sifa zamani kimeanguka, kimezama baharini au kimefukiwa chini ya nyumba za watu. Mwenye haraka haoni kitu, anaondoka akisema mji umechakaa. Lala angalau usiku mbili, na usome kidogo kabla ya kufika.

Viza ishughulikie mapema kupitia ubalozi wa Misri. Kutoka Dar es Salaam na Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi Kairo, na hapo mimi napendelea treni kuliko barabara. Inatoka kituo cha Ramses, mwendo wa kama kilomita 220, saa mbili na nusu au tatu hivi. Ni reli kongwe kuliko zote Afrika, ya miaka ya 1850. Wikiendi ya Wamisri ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi jioni nusu ya Kairo inakimbilia baharini. Kata tiketi siku kadhaa kabla. Treni husimama kwanza Sidi Gaber, kisha Mahattat Misr ambako ndio mwisho. Ulizia hoteli yako iko karibu na kipi kati ya hivyo, usije ukavuta mabegi mji mzima.

Nenda Aprili, Mei au Oktoba. Julai na Agosti fukwe hazina pa kuweka mguu na bei za vyumba zinapanda. Kipindi cha baridi mji unapigwa na dhoruba ambazo wavuvi wanazijua kwa majina na majira yake, kama sisi tunavyozijua kusi na kaskazi. Mawimbi huruka ukuta yakamwagika barabarani. Ukienda miezi hiyo, beba koti la maana.

Mji wenyewe ni mrefu na mwembamba, umejinyoosha kando ya bahari, na foleni zake si mchezo. Panga matembezi kwa upande, usikimbie huku na huko. Mikrobasi ni rahisi sana ukishajua njia. Teksi nyeusi na njano, patana nauli kabla ya kupanda. Vituo vingi vya kale siku hizi vinataka malipo ya kadi, kwa hiyo usitegemee noti peke yake. Asubuhi ya Ijumaa usiipangie makumbusho wala maktaba. Hiyo ni asubuhi ya kutembea ufukweni.

Siku ya kwanza ningeipa mtaa wa Bahari, magharibi. Ngome ya Qaitbay ilijengwa mwaka 1477 mahali palepale uliposimama mnara wa taa wa Pharos, mojawapo ya maajabu saba ya kale, uliovunjwa na matetemeko ya ardhi ya karne ya 14. Ndani ya ngome tafuta vipande vya matale mekundu, yaani mawe ya graniti, vilivyopachikwa ukutani. Inaaminika vimetoka kwenye mnara huo. Mengine yamelala chini ya maji hapo nje, na tangu miaka ya 1990 wanaakiolojia wanayazamia na kuyachora moja moja.

Kutoka hapo tembea hadi msikiti wa Abul Abbas al-Mursi, walii wa karne ya 13 aliyetoka Andalusia na kuwa kiongozi wa tarika ya Shadhiliya, tarika iliyofika mpaka Komoro na Unguja. Mkabala wake ni msikiti wa mwanafunzi wake, Imam al-Busiri. Huyu ndiye mtunzi wa Burda na Hamziya, kasida za kumsifu Mtume. Aliyekulia pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi, maana Hamziya ilifasiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarusi wa Pate zaidi ya miaka 200 iliyopita, na Burda bado inasomwa kwenye shughuli zetu. Watalii wengi wanaupita msikiti huo bila kugeuza shingo. Wewe ingia. Vaa kwa heshima, na akina dada mbebe mtandio.

Chakula cha mchana kula hukohuko. Samaki wamelazwa juu ya barafu mlangoni, unachagua mwenyewe, wanapimwa kwa kilo mbele yako. Uliza bei kabla hawajapelekwa jikoni. Mimi huchukua buri, ambaye kwetu ni mkizi, achomwe na pumba za ngano: ngozi inaungua ikawa nyeusi, nyama ndani inabaki laini na yenye maji. Unaletewa na mkate, tahini na wali wa kahawia wa kitunguu.

Siku ya pili anza na makaburi ya Kom el-Shoqafa. Inasimuliwa kuwa yaligunduliwa mwaka 1900 baada ya punda kutumbukia shimoni. Unashuka kwa ngazi ya kuzunguka, unapita chumba chenye mabenchi ya mawe ambako ndugu wa marehemu walikula karamu, kisha unafika mlango wa kaburi kuu. Hapo simama, usipite tu. Pembeni kuna majoka mawili yenye ndevu yaliyovaa mataji ya mafarao, na juu ya kila moja ngao yenye kichwa cha Medusa, yule mwanamke mwenye nywele za nyoka wa hadithi za Wayunani. Ndani yuko Anubis, mungu wa Misri mwenye kichwa cha mbweha, amevaa deraya ya askari wa Kirumi. Sijaona mahali pengine ambapo Misri, Uyunani na Roma zimekaa pamoja hivyo kwenye ukuta mmoja.

Nguzo inayoitwa ya Pompey iko jirani, ya matale ya Aswan, na haina uhusiano na Pompey, jemadari wa Kirumi. Ilisimamishwa kwa heshima ya Kaisari Diocletian. Nusu saa inatosha. Makumbusho ya Wayunani na Warumi yalifunguliwa upya mwaka 2023 baada ya kufungwa miaka mingi, yape alasiri nzima.

Maktaba mpya, iliyofunguliwa mwaka 2002, usiiangalie kwa nje tu. Ukumbi wa kusomea unateremka ghorofa kwa ghorofa chini ya paa lililoinamia bahari, na wanafunzi wa mji wamejaa wakisoma kweli.

Ukibakiwa na siku, wengi watakwambia bustani za Montaza. Mimi nakutuma Rashid, kama kilomita 65 mashariki, ambako jiwe lililofungua siri ya maandishi ya mafarao lilipatikana mwaka 1799. Jiwe lenyewe liko London, ila nyumba za matofali za enzi ya Waothmani bado zipo na baadhi unaweza kuingia. Ondoka asubuhi, urudi kabla ya magharibi.