Mkono wa pilau usiutie kwenye bia

Majira yangu ya pili ya baridi hapa Minneapolis niliharibu lita 19 za bia peke yangu, bila kusaidiwa na mtu. Marekani kupika bia nyumbani kuliruhusiwa na sheria ya taifa aliyosaini Rais Carter mwaka 1978. Nyumba yenye watu wazima wawili inaruhusiwa galoni 200 kwa mwaka, alimradi huuzi. Nilishapika mara tatu zikatoka vizuri. Nikapata kichwa. Nikataka ile ya Krismasi, nzito, ya kahawia, yenye viungo.

Viungo? Mimi mtoto wa Muheza, nani wa kunifundisha viungo?

Nikatia karafuu kijiko kizima cha chakula, vijiti vinne vya mdalasini, na iliki nilizoponda kwenye kinu, vyote tangu sufuria ilipoanza kuchemka, vikatokota saa nzima. Siku ya kufungua chupa jamaa yangu alipiga funda moja akashika shavu. "Kaka, hapa umeniita kunywa au kung'oa jino?" Alikuwa na haki. Karafuu ina eujenoli, dawa ileile ya kutuliza meno, na midomo yetu ilikuwa imekufa ganzi kweli.

Kosa lilikuwa kipimo. Kwenye pilau kuna mafuta, nyama, na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikaiva rangi. Vyote vinabeba ukali. Na punje ya karafuu ukiikuta unaiweka pembeni ya sahani. Bia haina pembeni. Halafu ina gesi, na gesi inakupandishia harufu puani kabla hujameza.

Siku hizi napika bia yenyewe kwanza, mwanzoni mwa Oktoba, bila kiungo hata kimoja. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, natia kidogo, kwa sababu uchungu wake ukikutana na mdalasini ulimi unakauka. Hamira nachagua iliyo tulivu. Zile za bia ya ngano ya Kijerumani hutoa harufu ya karafuu zenyewe, ukiongeza yako umerudi kwa daktari wa meno. (Kabla ya hamira, onja yale maji matamu ya kimea. Utakumbuka togwa.)

Bia ikishakaa wiki moja kwenye ndoo, nachukua chupa ya jamu, natia vodka mililita 150, kisha karafuu tatu. Tatu, zihesabu. Vijiti viwili vya mdalasini, iliki nne zilizopasuliwa, kungumanga niliyoikwangua mwenyewe robo kijiko cha chai, na ganda la chungwa moja, ile ngozi ya juu tu maana nyeupe ya chini ni chungu. Viungo vya unga sitii, vinaacha tope. Naifunga, naiweka kabatini siku saba, naitikisa kila ninapopita, kisha naichuja kwa karatasi ya kahawa.

Mdalasini uuangalie. Ule wa madukani huku mara nyingi ni gome nene lililojikunja tabaka moja, mkali. Ninaoletewa na dada kutoka nyumbani ni mwembamba, tabaka juu ya tabaka, unavunjika kwa vidole, na utamu wake ni wa taratibu.

Siku ya kujaza chupa ndipo kazi ilipo. Napima bia mililita 100 kwenye glasi nne. Kwa bomba la sindano, bila sindano, naweka ile vodka yangu ya viungo mililita 0.2 glasi ya kwanza, 0.3 ya pili, 0.4 ya tatu, 0.5 ya nne. Naonja, nakunywa maji, naonja tena. Mwaka jana ilishinda 0.4. Lita 19 ni glasi kama hizo 190, kwa hiyo 0.4 mara 190, mililita 76. Vodka kiasi hicho haiongezi kilevi cha kuhisika. Ukisita kati ya glasi mbili, chukua ya chini, gesi itamalizia.

Zile chupa za mwanzo nilizimwaga, isipokuwa tatu zilizojificha nyuma ya masanduku chini ya nyumba. Nilizikuta Novemba iliyofuata. Karafuu ilikuwa imepoa, imebaki kwa mbali kama chai ya jana. Jamaa yangu alikunywa mbili, kisha akauliza ile ya tatu namwekea nani.