Sanamu Zinazopepesa Macho

SWALI: Ndugu mwandishi, nimetazama filamu ya kale iitwayo Mystery of the Wax Museum. Mchongaji anaiba maiti mochwari, anazipaka nta na kuziweka kwenye jumba lake la maonyesho. Sasa naapa nimeona sanamu zikipepesa macho! Je, kuna fumbo la hadithi lililonipita? Na mbona rangi zake zote ni kijani na waridi?

JIBU: Macho yako hayakukudanganya, ila fumbo hilo halimo kwenye hadithi. Filamu hiyo ya mwaka 1933, iliyoongozwa na Michael Curtiz, ilipigwa kwa Technicolor ya rangi mbili, mfumo wa zamani wa kutengeneza filamu za rangi. Prizima, yaani kipande cha kioo, ndani ya kamera iligawa mwanga: sehemu moja ikanasa wekundu, ya pili ukijani. Buluu halisi haikupatikana kabisa. Ndiyo maana nyuso zina waridi iliyofifia na vivuli vimechukua ukijani wa maji yaliyotuama, na kwa hadithi ya maiti sijaona rangi iliyofaa zaidi.

Mfumo huo ulitaka mwanga mwingi mno. Taa zikachoma hadi sanamu za nta zikaanza kulainika na kuyeyuka, ikabidi baadhi ya nafasi zao zishikwe na watu hai, wamepakwa vipodozi na kuambiwa wasitikisike. Hebu fikiria: kwenye hadithi yule mchongaji, Ivan Igor, anayeigizwa na Lionel Atwill, anageuza binadamu kuwa sanamu, studioni nako binadamu wanasimama kuwa sanamu. Mimi hilo hunitisha kuliko uso wa Igor ulioungua.

Rudia mwanzo, London ya 1921, Igor anapowaonyesha wageni kazi zake. Usimwangalie yeye. Angalia kope na vifua vya hao walio kimya. Kisha mshirika wake anatia moto jumba ili apate fedha za bima, na hapo utaona nta yenyewe, mashavu yakichuruzika hadi kidevuni. (Mwandishi wa habari anayefukua siri, anayeigizwa na Glenda Farrell, pia anastahili sifa; anaongea kama cherehani, na bila yeye filamu ingelala.)

Ila tafuta nakala iliyokarabatiwa. Kwa miaka mingi filamu hii ilidhaniwa imepotea, mpaka nakala ikapatikana kwenye hazina binafsi ya Jack Warner, mkuu wa studio ya Warner Bros. iliyoitengeneza. Zile zenye ukungu zinazosambazwa zimeua rangi, na kope huzioni.