Kingo za alumini: kabla ya rangi, uliza zitazuia nini

Mteja akishaamua kuweka kingo za alumini, swali lake la kwanza huwa rangi. Nyeusi au ya fedha? Mimi humrudishia swali: upande wa pili wa huo ukingo kuna nini kinachosukuma? Ukingo unaotenganisha nyasi na kitalu cha maua hausukumwi na kitu cha maana, ni udongo kidogo na miguu ya watu. Ukingo wa pevingi, yaani matofali yanayotandikwa njiani, unasukumwa kila siku, na kama ni njia ya gari, unasukumwa kwa nguvu ambayo huioni mpaka matofali yaanze kuachana. Ukinunua wa kwanza ukaupa kazi ya wa pili, rangi haitakuokoa.

Nafanya kazi za bustani na njia, na nyingi kati ya kazi za marekebisho ninazoitiwa zinaanzia hapo hapo. Dukani kingo zote zimepangwa rafu moja, zote zinang'aa, zote ni "alumini ya bustani". Ukizitazama vizuri utaona ni aina mbili. Kuna bapa, yaani ubao mwembamba wa alumini unaosimama wima na kushikwa na vigingi vinavyochomekwa kwenye vishikio vya pembeni. Huo ni wa nyasi, maua na njia nyepesi za kokoto. Halafu kuna wenye umbo la herufi L, una ukuta mfupi na kitako kipana chenye matundu ya misumari mirefu. Huo ndio wa pevingi. Kitako chake ndicho kinachozuia ukuta usilale pale matofali yanapousukuma.

Nikae kidogo kwenye pevingi, maana huko ndiko fedha hupotea. Tofali la pevingi halijagundishwa na chochote. Linashikwa na majirani zake kwa msuguano wa mchanga uliojazwa kwenye nafasi kati yao. Gari likifunga breki au likikata kona, tofali moja linasukuma la pili, la pili linasukuma la tatu, na msukumo unasafiri hadi pembeni. Kama pembeni hakuna kinachokataa, safu ya mwisho inahama milimita chache, nafasi zinapanuka, mchanga unatoka na maji ya mvua, na mshikamano wa eneo lote unalegea. Ndiyo maana utaona mtu analaumu matofali, au analaumu aliyeshindilia, kumbe kilichoanza ni ukingo.

Kwa hiyo ukingo wa pevingi hukaa juu ya tabaka la msingi lililoshindiliwa, ile kokoto ngumu, wala haukai juu ya mchanga wa kulalia matofali. Na huo msingi sharti upite nje ya mstari wa matofali. Mimi hupenda upite angalau sentimita 15, ili kitako kipate mahali pa kukaa na msumari ushike kokoto. Msingi ukiishia sawasawa na tofali la mwisho, unapigilia misumari kwenye udongo laini, na hapo hata ukingo wa bei ya juu kabisa utang'oka. Fundi akikuambia atapanua shimo "kidogo tu", mpe futi kamba apime mbele yako.

Sasa urefu wa ukuta. Hesabu hii ni nyepesi lakini wengi wanaikosa. Chukua tofali la milimita 60, lile la njia za miguu, na chini yake mchanga wa milimita 30. Kutoka kwenye msingi mpaka uso wa tofali ni milimita 90. Ukingo wa milimita 45 utapita mchanga na kushika milimita 15 tu za chini ya tofali. Ni kidogo mno. Tofali likisukumwa kwa juu litainama na kuuruka ukuta. Ukingo wa milimita 60 unafika nusu ya tofali, na kwa njia ya miguu hapo naridhika. Kwa gari, ambako tofali ni la milimita 80, natafuta ukuta unaopita nusu na kukaribia juu, ila ubaki chini ya uso wa tofali kama sentimita moja. Ukiuacha usawa mmoja na uso, mashine ya kushindilia itaugonga, kisha tairi nazo zitaugonga. Ukibaki chini kidogo, udongo na nyasi vinaufunika, na wapita njia hawajui kama upo.

Misumari ya pevingi iwe mirefu, sentimita 25 hadi 30, na mimi huiweka kila baada ya sentimita 30 hivi. Mtu akikuambia kila mita inatosha, huyo anawazia ukingo wa maua.

Unene ndio unaofuata, na hapa wauzaji hupenda kunyamaza. Alumini ni nyepesi, uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma, lakini pia inapinda kirahisi: kwa unene uleule, ukakamavu wake ni theluthi moja hivi ya ule wa chuma. Kinachotuokoa ni kwamba ukakamavu wa ubao hauongezeki sambamba na unene. Ukiongeza unene mara mbili, ukakamavu unapanda mara nane. Kutoka milimita 2 kwenda 3 tu, umeongeza zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana sibishani sana kuhusu chapa, nabishana kuhusu milimita. Chini ya 3 siweki kwenye mstari mrefu ulionyooka, kwa sababu jicho la binadamu linaona tumbo dogo sana kwenye mstari mrefu, na ukingo mwembamba hufanya matumbo. Kwenye mistari mirefu inayotazamwa kutoka barazani napenda ikaribie milimita 5. Ajabu ni kwamba kona za mviringo zinavumilia wembamba kuliko mistari iliyonyooka. Ubao uliopindwa unajikaza wenyewe.

Unapimaje ukiwa dukani bila kifaa? Kipimo cha jicho kinadanganya, kwa sababu wengine hukunja mdomo wa juu ili uonekane mnene huku mwili ukiwa karatasi. Tumia mizani. Mita moja ya alumini yenye kimo cha milimita 100 na unene wa milimita 3 ina uzito wa gramu 810 hivi. Ya milimita 2 ni gramu 540. Ukiambiwa ni milimita 3 na mizani inakupa nusu kilo, maongezi yameisha. Beba na sumaku ndogo mfukoni. Alumini haishikwi na sumaku, na bati lililopakwa rangi ya fedha linashikwa mara moja. Zaidi ya hapo, uliza aloi, yaani alumini hiyo imechanganywa na metali gani. Ukisikia 6063 au 6061 yenye alama ya T5 au T6, hiyo ni alumini iliyokazwa kwa joto na inarudi ilipokuwa ukiipinda kidogo. Alumini laini ukiikunja inabaki vilevile, na teke la mashine ya kukata nyasi litaacha alama ya kudumu.

Jambo ambalo sikulisikia kwa muuzaji yeyote, na ambalo nalisema kwa kila mteja, ni saruji. Watu wanajua alumini "haishiki kutu", na ni kweli haishiki kutu ile nyekundu ya chuma. Inajilinda kwa utando mwembamba unaojijenga wenyewe ikikutana na hewa. Lakini utando huo unakaa salama pale tu palipo na pH (kipimo cha asidi na magadi, 7 ikiwa katikati) ya 4 hadi 8.5 hivi. Saruji mbichi inapita 12. Fundi wa ujenzi aliyezoea kuegemeza zege mgongoni mwa kila kitu atamwaga zege nyuma ya ukingo wako wa alumini akiamini anakusaidia, na zege hilo likiwa bichi linaanza kuula. Ukitazama kwa karibu utaona hata vipovu, ni gesi ya haidrojeni inayotoka. Zege likikauka kabisa kasi inapungua, ila pakiwa panalowa kila mvua, mambo hayaishi. Kama muundo unadai zege, basi ama tumia kingo za zege zenyewe, ama upande utakaogusana na zege upake rangi ya lami kabla.

Adui wengine wa namna hiyo wanatoka kwa mwenye bustani mwenyewe. Majivu ya kuni yanayomwagwa kwenye kitalu ni makali kwa alumini kama yakirundikana pembeni mwa ukingo na kulowa. Chokaa ya kurekebisha udongo vilevile. Na kwa wanaopulizia maua dawa za mrututu: shaba iliyomo ikitua juu ya alumini na maji yakawepo, inatoboa vishimo vidogo vidogo. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba zina tatizo hilohilo, usizigandamize moja kwa moja na ukingo. Sehemu zenye chumvi hewani au ardhini, vigingi viwe vya alumini au misumari yenye zinki, si ya shaba. Na asidi ya kusafishia madoa meupe ya pevingi inashambulia alumini pia, kwa hiyo funika ukingo kabla hujaanza kusugua, au safisha kabla ya kuuweka.

Joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kipande cha mita 2.4 kilichopoa alfajiri kikipata nyuzi 40 zaidi mchana kinarefuka zaidi ya milimita 2. Kidogo? Panga vipande kumi na viwili kwa mstari, vyote vimebanana, utapata karibu sentimita 3 zisizo na pa kwenda, na mstari wako utageuka nyoka. Ukishafukiwa ardhini tofauti ya joto hupungua sana, shida ni ile siku ya kuweka, ukingo umelala juani. Chagua aina yenye viunganishi vya kuteleza, ambapo kipande kimoja kinaingia ndani ya kingine bila kukazwa pande zote mbili. Wale wanaokaza skrubu pande zote za kiungo wanajitakia.

Rangi, basi, kwa kuwa umeisubiri. Alumini isiyopakwa itapoteza mng'ao na kuwa ya kijivu, na kwangu ndiyo inayozeeka kwa heshima, mikwaruzo haionekani. Iliyoanodaiziwa, yaani utando wake umeneneshwa kwa umeme kiwandani, ina ngozi ngumu na rangi iliyotulia, ila matone ya saruji na asidi huiachia madoa yasiyofutika. Iliyopakwa rangi ya poda na kuokwa ndiyo yenye nyeusi ile wanayoipenda watu, na inasaidia kidogo dhidi ya udongo mkali, lakini kila ulipokata panabaki wazi, kwa hiyo nunua na kichupa cha rangi ya kugusia. Nyeusi inapotea vizuri chini ya majani. Kando ya kokoto nyeupe inapiga kelele, wengine wanaipenda hivyo.

Angalia na mdomo wa juu. Kama watoto wanacheza hapo miguu mitupu, mdomo uwe wa mviringo au umekunjwa. Ubao uliokatwa tu ni kisu.

Kwa kona, tandaza mpira wa maji ardhini kwa umbo unalotaka, kisha pima kwa kufuata mpira wenyewe, sio kwa kukatiza. Ongeza kama asilimia 10 kwa ajili ya vipande vya kukata. Kingo za L za kupinda huja na kitako kilichochanwa chanwa, za kunyooka zina kitako kizima. Usimruhusu mtu achane kitako kizima kwa grenda ili apate kona, maana anaondoa kile kile ulicholipia. Kukata, msumeno wa chuma wenye meno madogo unatosha, na tupa ya kulainisha ncha. Ile sahani ya grenda ya kukatia chuma inajaa alumini na kuanza kuchoma badala ya kukata.

Kuna mahali siiweki kabisa. Penye ukoka uliokwisha kushamiri, ukingo wa sentimita 10 ni mzaha. Ukoka unapita chini yake, na ukichelewa kuukata unapita juu. Hapo chimba kwanza, ung'oe mizizi, ndipo uzungumzie ukingo wa kina zaidi, na bado utahitaji kupita na sepetu mara kwa mara. Penye malori siweki, naweka kingo za zege. Penye mteremko ambako maji yanakuja kwa kukatiza naweka kwa tahadhari: ukingo uliosimama sentimita chache juu ya ardhi ni bwawa, kwa hiyo aidha uwe usawa na udongo, aidha uachie mianya ya maji na kokoto chini yake. Na pale ambapo vyuma chakavu vinanunuliwa bila maswali na uwanja hauna uzio, mtu atakuja usiku na kuuvuta kama kamba. Kwenye viwanja vya namna hiyo nashauri jiwe.

Ukifika siku ya kuweka, anza na kipande kizima upande unaoonekana zaidi, na kile kipande kifupi kilichobaki kiweke katikati ya mstari, kati ya vipande viwili vizima. Kipande kifupi mwishoni kina kigingi kimoja tu au viwili, na ndicho cha kwanza kulegea.