Milinganyo ya Maxwell: minne, ishirini au miwili?

SWALI: Mwalimu, nasoma uhandisi wa umeme hapa Kisumu. Kitabu kimoja kinanipa milinganyo minne ya Maxwell, kingine kinaanza na potenshali, na cha tatu kina mistari miwili tu yenye herufi F. Nishike kipi?

JIBU: Ndugu yangu, vitabu vyote vitatu viko sawa: vinaeleza sheria zilezile za umeme na sumaku kwa namna tofauti. Hata Maxwell mwenyewe hakuandika minne. Makala yake ya 1865 ina milinganyo 20, kila mhimili umeandikwa peke yake. Minne unayoikariri tumeachiwa na Oliver Heaviside, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi ya telegrafu na kujisomea hisabati mwenyewe. Miaka ya 1880 alitumia vekta, akaziweka potenshali kando, akabakisha uga wa umeme (E) na uga wa sumaku (B).

Potenshali, yaani viwango saidizi φ na A ambavyo E na B hupatikana kutoka kwavyo, ndizo zinazowasumbua wanafunzi wengi, kwa hiyo nitakaa hapo. E na B zina vijenzi sita kwa jumla. Potenshali φ na A zina vinne tu. Ukiandika B = ∇×A na E = −∇φ − ∂A/∂t, milinganyo miwili kati ya minne inatimia yenyewe. Lakini A haina thamani moja tu. Fikiria kimo: Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130. Ukiamua kuanzia kuhesabu kwenye maji ya ziwa, namba zote zitabadilika, ila lori linalopanda kutoka Kisumu kwenda Nakuru litapanda mita zilezile. Kwa A uhuru ni mkubwa zaidi: unaweza kuiongezea ∇ (mteremko) ya fankisheni yoyote, mradi urekebishe φ, na E na B zisitikisike. Mdenmaki Ludvig Lorenz aliutumia uhuru huo mwaka 1867, na sharti lake linaipa kila potenshali mlinganyo wake wa wimbi. Ukihesabu antena utamshukuru. (Usimchanganye na Mholanzi Hendrik Lorentz, vitabu vingi vimempa Lorentz sifa ya Lorenz.)

Wala usidhani A ni ujanja wa karatasi tu. Mwaka 1959 Aharonov na Bohm walionyesha kwamba elektroni zikipita nje ya koili ndefu, mahali ambapo B ni sifuri, mistari ya mwingiliano wao (inayojitokeza mawimbi yao yanapokutana) bado husogea. Tonomura na wenzake walilithibitisha kwa majaribio nchini Japani mwaka 1986. Mimi hulitafakari jambo hili kila mwaka ninapolifundisha.

Sasa F. Sogeza sumaku karibu na koili iliyounganishwa na mita ya umeme, sindano ya mita inacheza. Ishike sumaku itulie, usogeze koili: sindano inacheza vilevile. Kwa E na B unatoa maelezo mawili tofauti kwa tukio moja. Minkowski, mwaka 1908, aliviweka vijenzi vyote sita vya E na B kwenye jedwali moja, ndilo F, na tofauti hiyo ikabaki kuwa suala la nani anatazama.

Kwa transfoma na mota, minne inatosha, tena kwa umbo la integrali. Potenshali zisome kabla ya antena, F baada ya uhusianifu (nadharia ya Einstein). Wiki hii chukua A = (0, Bx, 0), kisha A = (−By, 0, 0), B ikiwa namba isiyobadilika. Tafuta ∇×A ya kila moja, kisha utafute fankisheni inayoziunganisha.