Mume ana kadi ya kijani, mke ni raia, na wote wameitwa kwenye juri: wajibu nini?

SWALI: Salaam, Wakili. Mimi na mume wangu tuliletwa Fort Worth, Texas, kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mimi niliapishwa kuwa raia wa Marekani mwaka jana. Mume wangu bado ana kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, kwa sababu alichelewa kuomba uraia. Wiki hii kila mmoja wetu amepokea samansi ya kufika mahakamani kwa ajili ya juri, lile kundi la raia wa kawaida wanaoamua kesi. Rafiki mmoja anamshauri mume wangu ajaze kuwa yeye ni raia ili asitozwe faini; mwingine anasema barua zote mbili tuzitupe. Mimi nafanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, tuna mtoto wa miaka saba, Kiingereza changu ni cha kazini na dukani, na zaidi ya yote sijui nitamhukumuje mtu ilhali sikusomea sheria. Tufanye nini?

JIBU: Mama, naanza na barua ya mume wako, kwa kuwa yako ikijibiwa vibaya inaweza kukugharimu fedha na usumbufu, lakini yake ikijibiwa vibaya inaweza kumgharimu haki ya kuishi Marekani.

Kwanza ieleweke kwamba mahakama haikumwita kwa sababu imemtambua kuwa raia. Huko Texas majina ya wanaoitwa huchukuliwa kwa bahati nasibu kutoka katika daftari la wapiga kura na katika orodha ya watu wenye leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo. Mtu mwenye kadi ya kijani anayeendesha gari yumo katika orodha hiyo ya pili, na kompyuta inayochagua majina haina habari na uraia wake. Kazi ya kumtenga asiyestahili imeachiwa fomu iliyoambatanishwa na samansi, ambayo sharti lake mojawapo la msingi ni uraia wa Marekani. Mume wako anapaswa kuweka alama mahali panaposema kuwa yeye si raia, kutia sahihi, kubaki na nakala, na kuirudisha kabla ya tarehe iliyoandikwa, kwa posta au kwa njia ya mtandao kama samansi inaruhusu. Akishafanya hivyo hana faini ya kuogopa, kwa maana asiye raia haruhusiwi kabisa kukaa kwenye juri.

Ushauri wa rafiki yenu wa kwanza ndio ninaoutaka msiusikilize hata kidogo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema kwamba mtu aliyejidai kuwa raia tangu tarehe 30 Septemba 1996, kwa madhumuni yoyote au manufaa yoyote chini ya sheria ya shirikisho au ya jimbo, anaweza kuondolewa nchini na kuzuiwa kuingia tena, na kifungu hicho ni miongoni mwa vile vyenye milango michache mno ya msamaha. Fomu ya juri ni maandishi yenye sahihi yake, mikononi mwa chombo cha serikali. Siku atakapoomba uraia, fomu ya maombi itamuuliza iwapo amewahi kujidai kuwa raia, na hapo alama moja iliyowekwa ili kukwepa faini itageuka kuwa kesi ya uhamiaji.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi wa jamii yetu hawaambiwi. Mtu anapoondolewa kwenye juri ya Texas kwa sababu si raia, karani wa mahakama huliingiza jina lake katika orodha, na orodha hiyo hupelekwa kila mwezi kwa msajili wa wapiga kura wa kaunti, kwa ofisi ya Katibu wa Jimbo na kwa mwendesha mashtaka, ili ichunguzwe kama mtu huyo aliwahi kujiandikisha au kupiga kura. Kama mume wako hajawahi kufanya lolote kati ya hayo, orodha hiyo haina la kumfanya. Lakini nimekutana na watu ambao, wakati wa kuomba leseni, waliwekewa mbele karatasi ya kujiandikisha kupiga kura, nao wakatia sahihi wakidhani ni sehemu ya leseni. Ikiwa ana hata chembe ya wasiwasi kwamba jambo la namna hiyo lilimpata, aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kurudisha fomu. Simaanishi aijibu kwa uongo baada ya hapo. Jibu lake litabaki kuwa yeye si raia, ila atalitoa akiwa tayari kwa maswali yanayoweza kufuata.

Sasa barua yako. Kuitupa hapana. Texas inaruhusu mtu aliyepuuza samansi, au aliyetoa maelezo ya uongo ili asamehewe, atozwe faini ya dola 100 hadi 1,000 kwa kudharau mahakama. Ni kweli kwamba mahakama nyingi hazimfuatilii kila asiyefika, na ndiyo maana rafiki yenu wa pili ana ujasiri wa kutoa ushauri wake, lakini raia aliyeapishwa mwaka jana sioni kwa nini aanze uraia wake kwa kucheza kamari ya aina hiyo. Tazama pia juu kabisa ya barua imeandikwa mahakama gani. Ninayoyaeleza hapa ni ya mahakama za jimbo. Kama ingekuwa mahakama ya shirikisho, masharti na posho vingekuwa tofauti, ambapo posho ni dola 50 kwa siku.

Una njia halali ya kuomba kusamehewa. Sheria ya Texas inampa nafasi hiyo mzazi anayelea mtoto wa chini ya miaka 12 iwapo kwenda kwake mahakamani kutamwacha mtoto huyo bila uangalizi wa kutosha. Zingatia masharti yote mawili: kuwa na mtoto wa miaka saba hakutoshi, kwa sababu mtoto aliye shuleni mchana na mwenye baba nyumbani jioni huenda hakosi uangalizi. Kama baba naye yuko kazini saa hizo na hakuna wa kumchukua mtoto shuleni, basi unaingia katika msamaha huo na unaweza kuudai bila kuona haya. Vilevile samansi nyingi hukuruhusu kuahirisha hadi tarehe nyingine, na kwa mtu wa zamu za usiku naona hiyo mara nyingi ndiyo njia bora, kwa kuwa utachagua wiki ambayo unaweza kubadilishana zamu.

Kuhusu mwajiri, sheria ya jimbo inakataza kumfukuza au kumtisha mwajiriwa wa kudumu kwa sababu ya kutumikia juri, na aliyefukuzwa anaweza kudai kurudishwa kazini na kulipwa fidia. Haimlazimishi mwajiri binafsi kukulipa mshahara wa siku hizo. Posho ya mahakama, tangu Septemba 2023, ni dola 20 kwa siku ya kwanza na dola 58 kwa kila siku inayofuata. Mpe msimamizi wako nakala ya samansi mapema, kwa maandishi, na siku ukifika mahakamani mwombe karani cheti cha kuhudhuria. Usitoke zamu saa moja asubuhi ukaenda moja kwa moja kuketi mahakamani. Mjumbe wa juri anayesinzia wakati shahidi anazungumza ni hasara kwa kila mtu, na jaji hatavumilia.

Kiingereza ni suala zito zaidi. Sheria ya Texas inadai mjumbe awe anaweza kusoma na kuandika, na mashauri huendeshwa kwa Kiingereza. Hutaletewa mkalimani wa Kiswahili, wala hutaruhusiwa kuja na mtu wa nyumbani akutafsirie. (Jimbo jirani la New Mexico ni tofauti: katiba yake inakataza raia kunyimwa nafasi ya juri kwa kutojua Kiingereza, na mahakama humpa mkalimani.) Hata hivyo usijiondoe mwenyewe kwa unyonge. Lafudhi si kigezo, na kutojua maneno ya kisheria si kigezo, kwani fundi bomba aliyezaliwa Dallas naye hayajui. Jipime hivi: ukisikiliza taarifa ya habari ya Kiingereza kwa nusu saa, unaweza kumweleza mumeo nani alisema nini? Kama huwezi, mwambie jaji waziwazi siku hiyo, naye atakuuliza maswali machache na kuamua.

Umeuliza utamhukumuje mtu wakati hukusomea sheria. Wasomaji waliokulia Tanzania huenda wanawafikiria wazee wa baraza, wale waliokaa na jaji wa Mahakama Kuu katika kesi za jinai na kutoa maoni ambayo jaji hakufungwa nayo, na ambao tangu marekebisho ya mwaka 2022 jaji anaweza kukaa nao au bila wao. Juri ya Marekani haifanani nao. Jaji ndiye anayesimamia sheria na kuwasomea maelekezo kwa maandishi. Ninyi mnaamua kilichotokea. Kesi kubwa ya jinai huwa na wajumbe 12, ndogo huwa na sita, na wote lazima wakubaliane ndipo mshtakiwa atiwe hatiani. Mkimwachia huru, ameachiwa, na jaji hana uwezo wa kulitengua hilo. Katika kesi za madai huko Texas wanatosha kumi kati ya 12, au watano kati ya sita.

Lakini kabla ya kufika huko kuna uchaguzi wa wajumbe, na huu ndio unaowashangaza wengi. Mtaingizwa ukumbini makumi ya watu, kila mmoja na kadi yenye namba, mketi kwa mpangilio wa namba hizo. Jaji na mawakili watawauliza maswali, kisha wataondolewa kwanza wale wenye sababu ya wazi, kama aliye ndugu wa mshtakiwa au asiyeelewa lugha. Baadaye kila upande hufuta majina bila kutoa sababu. Katika kesi kubwa ya jinai isiyo ya adhabu ya kifo ni majina kumi kila upande. Wanaobaki mwanzoni mwa orodha ndio juri. Ukipiga hesabu, 12 na kumi na kumi ni 32, kwa hiyo mwenye namba 8 ajiandae, na mwenye namba 58 ana uwezekano mkubwa wa kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Ukifutwa usihesabu kuwa ni dharau. Wakili haruhusiwi kukufuta kwa sababu ya rangi yako, jambo lililowekwa na Mahakama ya Juu katika kesi ya Batson dhidi ya Kentucky mwaka 1986, na baadaye likapanuliwa hadi jinsia.

Baadhi ya maswali yatakugusa. Wakili wa utetezi huenda akauliza: kama mshtakiwa hatasimama kujieleza, je, utamwona ana hatia? Wengi wetu tumekulia mahali ambapo aliyenyamaza barazani amekubali kosa. Katiba ya Marekani inampa mshtakiwa haki ya kunyamaza, na ukimya wake haupaswi kuwekwa kwenye mizani. Ukiona huwezi kulitoa moyoni, liseme. Tena Texas ni miongoni mwa majimbo machache ambako mshtakiwa anaweza kuchagua juri hiyohiyo impangie kifungo. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa mfano, ngazi huanzia miaka mitano na kufika 99 au maisha, na mtaulizwa mmoja mmoja kama mnaweza kuifikiria adhabu ndogo kabisa na kubwa kabisa pia, kabla ya kusikia ushahidi wowote. Watu huitikia «ndiyo» kwa sababu jirani kaitikia «ndiyo». Wewe jibu la kwako.

Wapo pia wanaosimama na kusema, «Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi.» Jaji hakasiriki. Atauliza kama imani hiyo inakuzuia kabisa kufikia uamuzi au inakupa uzito tu, kwa sababu uzito ni jambo la kawaida, na mtu anayetetemeka kidogo mbele ya kazi hiyo mimi ningependa zaidi akae kwenye kesi yangu kuliko aliyekuja na jibu mfukoni. Kama ulishuhudia mauaji au kuporwa huko mlikotoka, na kesi ni ya namna hiyo, unaweza kuomba ulieleze hilo mbele ya jaji na mawakili pekee, bila ukumbi mzima kusikia.

Ukichaguliwa, utakatazwa kuzungumza na yeyote kuhusu kesi hadi iishe, na hapo namhusisha mumeo na kundi la WhatsApp la jamii, pamoja na kutafuta majina ya wahusika mtandaoni. Ukimtambua shahidi kuwa ni mtu wa kanisani kwenu, mwandikie jaji karatasi mara moja kupitia askari wa mahakama. Juri ikishamaliza na kuruhusiwa kuondoka, uko huru kusimulia au kunyamaza.

Na endapo mtu atawapigia simu akisema mmekosa juri na polisi wako njiani, ila mnaweza kulipa sasa hivi kwa kadi za zawadi za dukani, huyo ni tapeli. Mahakama haikusanyi faini kwa njia hiyo. Kateni simu, kisha mpigie karani kwa namba iliyochapishwa kwenye samansi yenyewe.