Ndama aliyezaliwa dhaifu: pumzi, joto, kisha dang'a

Ndama mwenye afya huinua kichwa muda mfupi baada ya kuzaliwa, hujaribu kusimama kabla ya saa 1 kupita, na kwa kawaida huwa ameshaipata chuchu ya mama yake ndani ya saa 2. Asiyefanya hivyo anahitaji msaada papo hapo. Kwa miaka yote niliyofuga ng'ombe nimeshuhudia kwamba uhai wa ndama wa namna hii hutegemea zaidi mpangilio wa huduma: pumzi kwanza, joto la pili, ndipo dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa. Mfugaji mwenye huruma hukimbilia kumnywesha, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa ndama aliyepoa sana hawezi kumeza ipasavyo, na maziwa yakipenya hadi mapafuni huleta nimonia.

Mfute ute puani na mdomoni kwa kitambaa safi, kisha umkalishe kwa kifua, miguu ya nyuma ikiwa imevutwa mbele huku na huku, ili mapafu yote mawili yapate nafasi ya kujaa hewa. Wapo wanaomning'iniza kichwa chini kwa muda mrefu. Mimi sishauri hivyo, kwani sehemu kubwa ya maji yanayomtoka hutoka tumboni, na uzito wa matumbo huyakandamiza mapafu yanayohangaika kufunguka. Jani kavu likichokolewa taratibu ndani ya tundu la pua humfanya apige chafya na kuvuta pumzi kwa nguvu, na kumsugua mwili mzima kwa nyasi kavu humwamsha na kumkausha kwa wakati mmoja.

Kipimajoto ni kifaa ambacho singependa kukikosa bandani. Joto la ndama, likipimwa kwenye njia ya haja kubwa, linapaswa kuwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.5 za Selsiasi. Likishuka chini ya 38, kazi ya kumpasha joto ianze mara moja. Ndama aliyelowa hupoteza joto upesi mno, hivyo mkaushe hadi kwenye mizizi ya manyoya, umlaze juu ya nyasi kavu nyingi mahali pasipo na upepo, na umzungushie chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa matambara ili zisimwunguze. Aliyepoa kupita kiasi anaweza kuogeshwa kwa maji yenye joto linalokaribia la mwili wake, kichwa kikishikiliwa juu ya maji muda wote, mradi akaushwe kabisa baada ya hapo. Ingiza kidole safi mdomoni mwake: mdomo ukiwa wa baridi na kidole kisinyonywe, chupa bado haijafika wakati wake.

Dang'a haina mbadala, kwa sababu kondo la ng'ombe halipitishi kinga kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Ndama huzaliwa bila ulinzi na huupata kwa kunyonya, ilhali uwezo wa utumbo wake kufyonza kinga hiyo hupungua saa hadi saa na hutoweka takriban saa 24 baada ya kuzaliwa. Kiasi kinachofaa ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani lita 3.5 kwa ndama wa kilo 35, na aliye dhaifu apewe kidogo kidogo, kuanzia ndani ya saa 2 za mwanzo na kukamilisha kabla ya saa 12. Ipashe moto kwa kukitia chombo ndani ya maji ya vuguvugu, kamwe si juu ya moto, kwani joto kali huharibu kinga. Mwenye friza atafanya vyema kuhifadhi dang'a nzito ya ng'ombe mwingine mwenye afya. Ikiwa ndama amepata joto lakini bado hanyonyi, anyweshwe kwa mrija na daktari wa mifugo au mtu aliyefundishwa, maana mrija ukipotea njia na kuingia kwenye koromeo la hewa, ndama hufa.

Kitovu kichovywe chote katika iodini mapema, na zoezi hilo lirudiwe siku inayofuata.

Asiyeweza kusimama ageuzwe upande kila baada ya saa chache, na matandiko yaliyolowa yabadilishwe bila kusubiri. Akianza kuhara, apewe maji ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini katikati ya milo, bila kumkatia maziwa. Macho yakizama, kitovu au viungo vikivimba, au joto likipanda juu ya nyuzi 40, daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Akishapata nguvu za kusimama, mwelekeze kwenye chuchu na umwache na mama yake, lakini endelea kukagua kiwele, kwa kuwa ndama anaweza kuonekana akihangaika chini ya mama yake bila kupata chochote. Chuchu iliyonyonywa huwa laini na safi. Zote nne zikiwa zimejaa na kukaza, mrudishie chupa mara moja.